Choo Safi Kuliko Vyote Kwemkole

Yudith mke wa Timotheo alikuwa na pua. Pua kila mtu anayo, lakini ya Yudith ilikuwa na kazi. Akiingia nyumba ya mtu alijua kama kitambaa cha vyombo kimelala na maji, kama maziwa ya jana yamechanganywa na ya leo, na kama mtoto amekojolea mkeka ukageuzwa upande wa pili ili mgeni akalie. Hakusema kitu. Alikaa ukingoni mwa mkeka, akapokea kikombe, akakinusa kidogo kabla hakijafika mdomoni, na mwenye nyumba akajua ameonekana. Kwemkole, kijiji kilichokuwa kimeng'ang'ania mteremko chini ya msitu wa Magamba, watu walikuwa wakimwona anapanda njia wanashika fagio.

Kinyaa kile angezaliwa nacho mtu mwingine asingepata rafiki hata mmoja. Kilichomwokoa Yudith ni kwamba alikuwa pia mdadisi, na mdadisi hupendwa hata anapochosha. Hakupita kitu bila kukiuliza. Kwa nini kabichi za upande wa jua zinapasuka na za kivulini hazipasuki? Kwa nini Waislamu wakitawadha wanaanza na mkono wa kulia? Kwa nini mtu wa redioni anavuta pumzi kabla ya kutaja majina ya wakubwa? Alipofikisha miaka arobaini na saba alijiunga na kisomo cha watu wazima, akajua kusoma ndani ya miezi saba, na siku aliyomaliza kitabu cha kwanza akamwuliza mwalimu kuna haja gani ya herufi kubwa ikiwa sauti yake ni ileile. Watoto wa kijiji walimwita Bibi Kwanini, naye akaitika bila kinyongo.

Siku zake zilikuwa za kazi ndogondogo zisizoisha. Kuchota maji chemchemini kabla watu hawajayatibua, kufagia uwanja, kukata majani ya ng'ombe, kumenya viazi, kuosha karoti za kupeleka Soni siku ya gulio. Gulioni alikwenda na Zuhura, jirani yake waliyepakana mashamba, mama wa Kiislamu aliyelima karoti na kabichi kando ya mto. Walikuwa wamebebeana matenga kwa miaka ishirini. Kama kulikuwa na kikombe ambacho Yudith alikinywea bila kukinusa, kilikuwa cha Zuhura.

Mwaka 1973 serikali ikaja na kampeni ya afya. Kila Alhamisi alasiri watu walikusanyika kuzunguka redio ya mwenyekiti wa kijiji, Danieli, wakasikiliza somo, kisha aliyejua kusoma akawasomea wenzake kutoka kwenye kitabu. Masomo yalikuwa ya kuhara, minyoo, malaria na kichocho. Agizo lilikuwa moja: kila nyumba ichimbe choo.

Danieli akasema wanatakiwa watu wa kujitolea kuvikagua vyoo hivyo. Sasa kujitolea, miaka ile, kulikuwa na utaratibu wake. Mwenyekiti aliomba wa kujitolea, akanyamaza kidogo kwa adabu, kisha akatoa mfukoni karatasi yenye majina ya waliojitolea. Safari hii, kabla mkono haujafika mfukoni, Yudith alikuwa ameshasimama. Danieli alibaki ameishika karatasi yake, hajui aisome au airudishe. Basi Yudith akapewa daftari na kalamu ya risasi, akaenda zake kukagua.

Aliyoyaona hayasimuliki wakati wa kula, kwa hiyo aliye mezani na aweke kijiko chini. Nyumba moja shimo lilikuwa limefika magotini, mwenyewe akasema hilo ni la kuanzia. Nyumba nyingine choo kilikuwa kikavu, kizuri, kimejaa mahindi ya mbegu. Ya tatu, beberu alikuwa amefungwa humo ndani, akatazama nje kama mwenye nyumba aliyeamshwa. Ya nne ilikuwa na kufuli, na ufunguo baba amekwenda nao Soni, kwa sababu choo kile kilikuwa cha wageni wa kutoka Lushoto, hakichezewi. Na kile kilichokuwa kikitumika kweli, cha nyumba yenye watoto saba, hakikuwa na kifuniko. Funza weupe walikuwa wakipanda juu ya magogo ya kukanyagia kwa foleni, na nzi wa kijani wakampokea usoni kabla hajainama. Yudith alitapika nyuma ya migomba, akapangusa mdomo, akarudi ndani kuhesabu magogo, kwa kuwa daftari lilitaka idadi ya magogo. Kijiji kizima kilimchefua, na ukweli usemwe, alikuwa akikifurahia kidogo kichefuchefu chenyewe.

Maana cha kwake kilikuwa kitu kingine kabisa. Timotheo, mumewe, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, alikuwa amechimba kwa siku tisa mpaka kwenda chini futi kumi na tano. Akatandaza magogo ya mkaratusi, akachonga kifuniko cha ubao chenye mpini, akasimamisha kuta za udongo uliopigwa laini. Ndani kulikuwa na fagio na debe la majivu. Danieli alipokuja kukiona alitia kichwa ndani, akavuta pumzi kwa nguvu, akasema hakinuki chochote. Akaagiza chokaa na kuandika mlangoni mwenyewe: CHOO CHA MFANO. Watu wakaletwa kukitazama kwa vikundi, na Yudith akawainulia kifuniko ili waone hakuna hata nzi.

Katikati ya sifa hizo mjukuu wake akaugua. Tobia alikuwa na mwaka na nusu, mtoto wa mwanawe Yohane aliyekuwa kibarua wa chai huko Amani na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama yake mtoto, Paskalina, alikuwa msichana wa Kikatoliki kutoka Gare, mnyenyekevu, mwepesi wa kazi, aliyekuwa akimwamkia mama mkwe wake shikamoo na magoti yamegusa chini. Mtoto alihara maji, kisha akahara damu. Alipona, na baada ya majuma matatu akaanza tena. Mganga wa zahanati alimwambia Yudith wachemshe maji, na kwamba mtoto mdogo kiasi kile hawezi kuvumilia mara nyingi. Akauliza maji wanayatoa wapi, na juu ya chemchemi kuna nini.

Juu ya chemchemi kulikuwa na vichaka ambavyo havikuwa vya mtu. Yudith alipanda huko asubuhi ileile. Hatua ya kumi akasimama, kwa sababu hapakuwa na pa kuweka mguu. Vilikuwepo vinyesi vya zamani vilivyokauka na vya jana vyenye nzi, vimefunikwa kwa majani kama vitumbua, na mvua ya usiku ilikuwa imechora mfereji kutoka pale mpaka chini, mpaka kwenye bomba la mwanzi ambalo Tobia alipenda kukinga mdomo mama yake anapojaza mtungi. Yudith aliukodolea macho mfereji ule. Alihisi ameyanywa yote yale yeye mwenyewe, kwa miaka.

Akainua macho kuona njia inatokea wapi. Kijia kilipita ukingoni mwa karoti za Zuhura.

Hakungoja. Aliteremka, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaenda. Zuhura alikuwa amechuchumaa mtoni akiosha karoti. Alipomwona rafiki yake alinyanyuka nusu, akafungua mdomo kama mwenye neno, lakini Yudith hakumpa nafasi.

"Mama Mwanaisha," alisema, "nyumba yako inakunya juu ya maji ya mjukuu wangu."

Akaendelea. Alisema ameona kijia kinakotoka. Alisema choo chao chenye birika safi na jiwe la kusugulia ni cha kumdanganyia mkaguzi. Alisema jina lao ameshaliandika na Alhamisi atalisoma. Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho, karoti mkononi inadondosha matone.

"Umemaliza?" aliuliza, kisha akachuchumaa tena.

Alhamisi Yudith alilisoma. Alisimama mbele ya redio iliyozimwa, daftari juu, akasoma jina la Bakari mume wa Zuhura herufi kwa herufi, kwa sauti ileile aliyosomea zaburi kanisani. Kamati ya kijiji ikaamua Bakari na wanawe wakasafishe mteremko. Bakari hakujitetea. Alikwenda na wanawe wawili, majembe begani, wakafukia kila kitu kwa siku nzima. Zuhura hakuonekana tena kwenye kikundi cha redio, na siku ya gulio alishuka Soni peke yake.

Juma moja baadaye Yudith alipanda kukagua. Uchafu ulikuwa umerudi, mbichi. Na kabla juma la pili halijaisha Tobia alianza tena, safari hii macho yakiwa yamezama na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Walimbeba usiku kucha kwa zamu mpaka hospitali ya Lushoto. Akatundikiwa maji siku nne. Muuguzi alisema wangechelewa hadi mchana wangerudi naye wamemfunika. Mtoto alirudi mwepesi kama kikapu kitupu, na Yudith akaapa kwamba safari hii hatasoma jina, atamshika mtu mkono.

Alikwenda kujificha vichakani alfajiri, ukungu umeshuka mpaka huoni miguu yako, kanga imelowa, pua ameiziba kwa jani la mchaichai. Siku ya kwanza hakuona mtu. Siku ya pili, kabla jua halijachomoza, akasikia nyayo za peku. Mwanamke alipita karibu naye kabisa, kanga kichwani, akaingia kichakani, akachuchumaa. Alipoinuka akafunika kwa majani, kwa uangalifu, kama mtu anayefunika chungu. Alikuwa Paskalina.

Yudith alikuwa bado amekaa pale wakati mtu wa pili alipokuja, baada ya mkamwana kuwa ameshateremka. Huyu alikuwa na koti na kofia, na kabla ya kuingia alikohoa mara mbili, kikohozi cha mtu mwenye adabu anayempa aliyemo nafasi ya kuondoka. Yudith alikijua kikohozi kile. Alikuwa amelala nacho kitanda kimoja kwa miaka thelathini na moja.

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na Yudith alikuwa ameyaona makundu ya kijiji kizima na kuyaandika kwa kalamu ya risasi. Kichefuchefu kilimpanda, lakini safari hii hakikuwa na raha yoyote ndani yake. Alitapika palepale, juu ya vilivyokuwepo.

Alimwuliza Paskalina kwanza, wakiwa wamekaa jikoni wanamenya viazi. Msichana akakiweka kisu chini. Alisema mwanzo alijaribu. Siku aliyokwenda, alikuta kifuniko kimeachwa wazi kidogo na koti la mzee limetundikwa kwenye mti nje. Akarudi mbio.

"Mama, pale si ndipo anapokaa baba?" alisema kwa sauti ya chini. "Nitakaaje mimi alipokaa baba mkwe? Nitoke nimkute nje anangoja? Afadhali nife."

Timotheo naye aliulizwa jioni, zizini, akikamua. Hakugeuka. Alisema alikichimba kwa ajili ya yule mtoto wa watu, asihangaike na matope wakati wa mvua. Siku ya kwanza tu aliyokitumia, alimwona anakuja, akamwona anageuka na kukimbia. Akajua mzee akiendelea kuingia, msichana hataingia kamwe. Akamwachia. Tangu siku ile hajatia mguu.

"Nilidhani anakitumia," alisema. "Mbona kilikuwa kinafagiwa kila siku?"

Kilikuwa kinafagiwa na Yudith. Choo safi kuliko vyote Kwemkole kilikuwa safi kwa sababu kilikuwa na mteja mmoja, na mteja mwenyewe ndiye aliyekuwa akiinua kifuniko kuwaonyesha watu kwamba hakuna nzi. Nzi wangefuata nini? Mkwe na mkamwana walikuwa wamestahiana mpaka nusura wamwue mtoto kwa heshima.

Na kilichomkera Yudith zaidi ni kwamba mwiko ule aliujua. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Yeye mwenyewe alipoolewa hakulitaja jina la baba yake Timotheo mpaka alipozikwa, hakukalia kigoda chake, na akimwona njiani aliingia shambani mwa watu ampishe. Kwa miaka kumi na miwili alikwenda vichakani alfajiri, peku, akiziba pua. Kitabu cha kampeni kilisema kila nyumba choo kimoja, yeye akasoma kila nyumba choo kimoja, na siku aliyopewa daftari alisahau kwamba amewahi kuwa mkamwana. Alijichukia kwa hilo kuliko alivyowahi kumchukia funza.

Alizunguka upya kijiji kizima. Safari hii hakuinua vifuniko. Alikaa na wakamwana jikoni, akamenya walichokuwa wakimenya, akauliza. Nyumba kumi na nane zilikuwa na mkwe na mkamwana uwanja mmoja, na katika zote kumi na nane mmoja wao, au wote wawili, walikuwa wakienda porini. Akampelekea Danieli habari hizo. Danieli alisema hesabu imeshakwenda Lushoto, nyumba arobaini na tatu, vyoo arobaini na tatu, na kijiji kimesifiwa. Akamwomba asiwatie aibu. Yudith alimtazama mwenyekiti wake, shati limenyooshwa, mikono misafi, akahisi harufu ileile ya mteremko inatoka kwenye ile karatasi ya hesabu. Alirudi nyumbani, akachukua kisu cha viazi, akaikwangua chokaa ya mlangoni mpaka neno la mwisho.

Kesho yake Timotheo alianza shimo la pili nyuma ya jiko, lenye kijia chake na ua wa matete katikati ili anayeingia huku asimwone anayetoka kule. Yudith alibeba udongo kwa karai. Watu walipita wakacheka, kwamba tajiri sasa ana vyoo viwili. Baada ya siku chache, mmoja wa waliocheka alikuja kuuliza ua ule umefungwaje. Debe la majivu la choo kipya lilianza kupungua, na Paskalina akawa anavaa viatu vya kandambili kwenda huko, mchana kweupe. Tobia akaanza kunenepa mashavu.

Lililobaki lilikuwa lile jina alilolisoma. Yudith alilibeba siku tisa, akila hashibi, akiamka amechoka. Kukiri mbele ya kikundi alikwishakiri, Alhamisi, kwa daftari lilelile, na Bakari akaitikia kwa kichwa tu. Lakini Zuhura hakuwepo. Siku ya kumi Yudith aliteremka shambani kwake bila tenga, bila zawadi, maana hakujua zawadi ya jambo kama lile inauzwa wapi. Zuhura alikuwa akinyunyizia miche maji kwa kopo lililotobolewa. Hakuacha.

"Walikuwa watu wangu," Yudith alisema.

"Najua."

"Tangu lini?"

Zuhura alimaliza tuta moja ndipo akajibu. Alisema aliwaona juma lilelile Yudith alipokuja, msichana kwanza, mzee baadaye, naye akainama kwenye karoti ili mzee asijue ameonekana. Alisema siku ile mtoni alikuwa anatafuta maneno ya kumsitiri yule mzee na bado yamfikie mke wake. Baada ya hapo alinyamaza kwa hasira, na mtoto akaugua. Hilo ni langu, alisema, nitalijibu mimi kwa Mungu.

Yudith alikuwa analia sasa, pua yake ile inachuruzika, hajipangusi. "Miaka ishirini, Mama Mwanaisha. Ukaacha nisimame mbele ya watu nimsome mumeo. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," alisema Zuhura. "Umeniuliza kila kitu maishani mwangu, mpaka ninavyotawadha. Siku moja tu hukuja kuuliza. Ulikuja kuniambia."

Kopo lilikuwa limekwisha maji. Zuhura akalitia ndani ya ndoo yake, akampita Yudith kwenye tuta, akashuka kuchota peke yake.